Mlango wa Sentimita Tisini

Ole, Pemba
12 Mei 1996

Mdogo wangu Ridha,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima kwa uwezo wa Mola, na ukiona mwandiko umepinda usishituke, naandikia kwenye goti. Bimkubwa mama yetu anakusalimu na kila akimaliza kusali anataja jina lako na la marehemu baba. Macho yake sasa ndiyo basi, Ridha. Anaona kiwingu tu, na asubuhi ananijua kwa kikohozi changu. Msellem hajambo, anakusalimu. Jirani yetu Tatu amejifungua mtoto mwanamke. Nimesikia kwa watu, sikuitwa.

Sasa nikwambie lililonikalisha chini kuandika. Nyumba ya baba imeanguka. Masika ya mwaka huu hayana adabu hata kidogo. Ukuta wa magharibi ulikunywa maji mpaka ukalewa, Ijumaa ukalala chini, na paa likaufuata. Bimkubwa alikuwa jikoni anachambua mchele kwa vidole, ndiyo salama yake. Tunalala bandani kwenye jiko, sote watatu, na moshi ndio shuka.

Unajua kwetu nyumba ya udongo haijengwi na mwenyewe. Unasimamisha miti, unafunga fito, unapika, unaalika, na watu wanakuja kukandika. Hivyo ndivyo alivyojenga baba na ndivyo tulivyokwenda sisi kukandika kwa kila mtu wa mtaa huu, tangu mie mtoto. Basi Msellem akasimamisha miti. Mie nikapika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, sufuria mbili kubwa. Tukakanyaga udongo tangu alfajiri. Ridha, hakuja mtu. Aliyekuja ni mbuzi wa Othman, akala maganda. Msellem alisimama na udongo magotini mpaka adhuhuri, na ule wali niliumwaga kwa kuku.

Sababu unaijua. Tangu uchaguzi upite, Msellem ni wa upande ule na mtaa mzima ni wa upande huu. Dukani tunaambiwa sukari imekwisha nayo tunaiona rafuni. Gari lake la ng'ombe halikodishwi, na chumvi tunaifuata Konde. Mie ni mtoto wa hapahapa, lakini nimeolewa kwake, sitamkana mume wangu kwa ajili ya kilo ya sukari.

Wewe ndiye uliyesomea ujenzi. Njoo, mdogo wangu. Bimkubwa hataki mengi, anataka chumba chake na ukuta wa kushika.

Dada yako,
Fakhriya

*

Morogoro
9 Juni 1996

Dada Fakhriya,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma kwenye karakana, nikaenda kuimalizia chooni ili wenzangu wasinione. Mpe Bimkubwa salamu zangu na mbusie mikono yote miwili. Mie mzima, kazi ya mradi inaendelea, tunajenga nyumba za gharama ndogo vijijini. Joto la hapa si la kwetu, linachoma bila ya upepo. Na huyo mtoto wa Tatu, Mungu amkuze.

Dada, usipike tena. Sikiliza. Nyumba ya kukandika inataka watu. Mie nitakupa nyumba isiyotaka watu.

Ardhi ya uwanja wetu ni udongo mwekundu wenye mchanga, huo ndio haswa. Mtachimba, mtachekecha, mtatia saruji kidogo, sehemu moja kwa kumi na mbili. Mradi umekubali kuniazima mashine kongwe ya kushindilia, ya mkono, haina moto wala mafuta. Unajaza udongo, unavuta mtarimbo, linatoka tofali. Hatuchomi kuni, hatukati mikoko kwa ajili ya miti na boriti. Nasikia mikoko ya huko inamalizika, na mchwa wakimaliza ukuta mnaikata mingine.

Lakini siri siyo tofali, dada. Siri ni kipimo. Kila tofali lina urefu wa sentimita ishirini na tisa, na sentimita moja ya udongo wa kuungia, jumla thelathini. Basi nyumba nzima itakwenda kwa thelathini. Chumba mita tatu, ni matofali kumi. Mlango tisini, ni matofali matatu. Dirisha tisini. Toka kona hadi mlango, tisini. Usikubali mtu akwambie hamsini na tano au mia na saba, mfukuze. Ukishika thelathini hukati tofali hata moja, na usipokata hupotezi, na usipopoteza huhitaji fundi mkubwa. Nusu tofali mashine yenyewe inatoa, unaweka kibao ndani. Mtu asiyewahi kushika mwiko maisha yake anapanga ukuta ulionyooka. Watu wawili wanatosha.

Udongo uujaribu hivi: fumba donge mkononi, liachie lianguke toka usawa wa bega. Likipasuka vipande vinne vitano ni sawa. Likitawanyika, maji machache. Likibaki zima, maji mengi.

Uzuri wa kipimo, dada, hakimtazami mtu uso. Tofali halina chama. Anayelipanga ni wa upande huu au wa ule, nalo linakaa palepale.

Kuja sitaweza kwa sasa, kazi zimenibana. Mashine itafika Mkoani kwa meli, nitakuandikia mchoro.

Ridha

*

Ole
25 Agosti 1996

Ridha wangu,

Salaam sana. Bimkubwa mzima, kachoka kidogo kwa baridi ya kipupwe. Msellem anakusalimu, na nakuandikia kwa wino uliokoza kwamba anakusalimu, maana salamu zake naona zinaanguka baharini.

Mashine ilifika. Loo! Mambo ya kuchekesha hayo. Msellem aliipakia kwenye gari la ng'ombe toka barabarani, na watoto wakatufuata wakiimba kwamba tumenunua mzinga. Siku ya kwanza tulitoa matofali yote yakameguka, kwa kuwa tulitia maji kwa macho. Siku ya pili nikashika donge lako la begani, likapasuka vipande vitano, nikapiga kigelegele peke yangu. Msellem akaniuliza nimeingiwa na shetani gani.

Sasa tunayo safu chini ya makuti, tunayamwagilia asubuhi na jioni kama miche ya mikarafuu. Tumechimba karo ya choo, na udongo wa karo ndio huohuo unaokuwa ukuta. Hilo limempendeza sana Msellem. Kasema umesoma kweli.

Bimkubwa nimemkalisha kwenye kigoda kando ya safu. Anayapapasa. Analichukua moja, analiweka pajani, analichukua la pili, anayalinganisha kwa viganja. Akaniuliza, "Yote sawa?" Nikamwambia yote. Akasema, "Hata watoto wa tumbo moja hawawi sawa hivi."

Kisha akauliza nyumba itapimwa kwa mkono wa nani. Unakumbuka baba alivyopima ile ya kwanza kwa mkono wake, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, chumba cha Bimkubwa mikono sita. Nikamwambia Ridha kasema hapimi kwa mkono wa mtu, ni kwa sentimita. Jioni Msellem alipokwisha tandika kamba za msingi, Bimkubwa akataka apelekwe. Akapima chumba chake kwa mkono wake mwenyewe, na mkono wake anajua umepungua kiasi gani kwa wa baba, akatambaa toka kona hadi kona. Akasema, "Kimezidi kile. Pana ziada ya kama shibiri." Nikamwambia ndiyo, ni hesabu za thelathini. Akasema, "Basi hiyo ziada ni ya Ridha. Akija atapata pa kuweka kichwa."

Ameisema hiyo kwa kila mtu, Ridha, yaani kwangu na kwa Msellem, maana watu wengine hatuna. Lini unakuja?

Fakhriya

*

Morogoro
20 Oktoba 1996

Dada,

Salaam. Nimefurahi mpaka nimemsomea Emmanueli, seremala wetu hapa karakana, habari ya Bimkubwa na matofali. Emmanueli ni Mluguru wa milimani, Mkristo, na mama yake alifariki mwaka jana. Alinisikiliza mpaka mwisho halafu akaingia ndani kupiga randa.

Yeye ndiye aliyetengeneza mbao ninazowaletea. Mafungu matano: manne ya madirisha, moja la mlango wa mbele. Vyumbani tieni mapazia kwanza. Angalieni ujanja wetu: mbao zote ni urefu mmoja, sentimita tisini. Za mlango hazisimami, zinalala, moja juu ya mwenzake, toka chini hadi juu mita mbili na kumi. Ubao wowote unaingia dirisha lolote au mlango. Ukioza mmoja, unautoa huo tu, huvunji mlango mzima. Ni mti mgumu, hauliwi na mchwa. Hakuna kitu cha kukata. Mkiona ubao hauingii, kosa ni la ukuta, siyo la ubao.

Juu ya milango na madirisha mpitishe mkanda mmoja wa zege, kimo kimoja nyumba nzima. Bati zote urefu mmoja, mabaki yasiwepo.

Kuja nitaangalia. Mwezi ujao tuna nyumba kumi na mbili za kukabidhi. Mbusu Bimkubwa.

Ridha

*

Ole
3 Januari 1997

Ridha,

Salaam alaykum. Ramadhani hiyo inabisha hodi, Mungu atufikishe. Bimkubwa hajambo hajambo. Nyumba imesimama! Kuta zimefika mkandani, bati ziko juu, na sikumwona Msellem akikata tofali hata moja. Madirisha manne yameingia kama ulivyosema, ubao baada ya ubao, bila msumeno. Mie nimepanga ukuta wa jikoni peke yangu, na anayetaka aje na timazi aone kama umepinda.

Watu wanapita wanatazama. Hawasemi, lakini wanapita. Othman mwenye mbuzi alisimama siku moja barabarani muda mrefu, akatazama kona, akatazama madirisha, akauliza kwa sauti kama anayeongea na mbuzi wake: "Hivi hii imejengwa na wangapi?" Msellem akamjibu toka juu ya bati, "Wawili na kipofu." Othman akacheka kabla hajakumbuka kwamba hatuzungumzi. Akaondoka kwa haraka.

Sasa na mie nina swali. Barua zako nimezitandika zote kitandani. Umeandika juu ya udongo, ya mchwa, ya mama yake Emmanueli, Mungu amrehemu. Jina la Msellem hujaliandika hata mara moja. Kila mara nakuletea salamu zake, hujibu. Unampa kazi ya kujenga, unamwandikia namna ya kupitisha mkanda, lakini kama vile nyumba inajengwa na jini. Na kila nikiuliza lini unakuja, kazi, kazi, kazi. Kwani hao wa Morogoro hawana sikukuu?

Bimkubwa anasema uje ule Idi. Usimjibu kwa kupitia kwangu habari ya nyumba kumi na mbili. Mie mkubwa wako, nimekubeba mgongoni, nambie ukweli.

Fakhriya

*

Morogoro
16 Februari 1997

Dada Fakhriya,

Idi njema, samahani imepita.

Umetaka ukweli. Siku nilipoachishwa kazi, mie na wenzangu, kwa sababu ya upande tuliokuwamo, Msellem alikuwa na wakubwa wa upande wake wanaomsikiliza. Neno moja tu lingetosha. Nilimfuata nikamwambia, shemeji, sema neno. Akanijibu, "Subiri mambo yapoe." Nimekula kwenye sinia moja na mtu huyo miaka sita! Nikapanda meli na begi moja kuja kuanza upya kwenye nchi ambayo hata samaki wake ananuka tope, naye akabaki kwetu, kwenye nyumba ya baba yangu, na mama yangu ndani yake.

Asubuhi ya kuondoka, wewe umekwenda kisimani, nilimwambia Bimkubwa: Wallahi siuvuki tena mlango anaouvuka Msellem. Nimeapa kwa jina la Mungu na mama yangu akinisikia. Ndiyo hiyo sababu. Kazi ni kazi, lakini siyo sababu.

Nyumba nimeichora kwa ajili ya Bimkubwa na kwa ajili yako. Yeye anaishi humo kwa bahati yake.

Ridha

*

Ole
9 Machi 1997

Ridha mdogo wangu,

Salaam. Nimelia, nimemaliza, sasa nakujibu.

Msellem alikosea. Nimemwambia hivyo usoni, siyo leo, tangu siku ile. Aliogopa. Mwanamume anaogopa, Ridha, wewe hujawahi kuogopa? Na malipo yake anayapata kila siku akipita dukani. Lakini wewe uliyenifundisha kwamba tofali halina chama, kipimo hakimtazami mtu uso, mbona wewe unatazama? Au ulikuwa unapamba barua?

Tena yamini, kiapo hicho, ina kafara yake, unajua kuliko mie, ulisoma chuo cha Kurani kwa Maalim Nyange mpaka ukahitimu. Kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Hakuna aliyesema ubaki nayo mpaka kiama.

Haya, sasa sikiliza maneno ya Bimkubwa. Alikuwa anakijua kiapo chako muda wote, alikinyamazia. Kumbe ndiyo maana! Tulipotaka kutia mlango wa mbele, mwezi wa Shaabani, alikataa katakata. Alikaa juu ya fungu la mbao akasema hazigongwi misumari. Tukadhani ni uzee tu. Jana nilipomsomea barua yako, akasema niandike hivi hivi alivyosema:

"Mwambie Ridha, kaapa hauvuki mlango. Basi mie sikutia mlango. Pale mbele ni tundu tu, si mlango, hata shehe ukimuuliza. Apite tundu. Akishaingia ndani akae na mie, hizo mbao azigonge yeye kwa mkono wake, uwe mlango alioutia yeye, siyo anaouvuka Msellem. Mie nangoja. Usiku nasikia upepo ukiingia nikadhani ndiye."

Ndiyo hivyo tumelala, Ridha, Ramadhani nzima na sasa, nyumba nzuri kuliko zote za mtaa huu na mbele iko wazi. Tumetundika kipande cha turubai. Kuku wa Tatu wanaingia. Fungu la mbao lako limelazwa pembeni ya chumba cha Bimkubwa, analikalia akitaka kuvuta uradi na tasbihi yake.

Yeye mzima. Ana kikohozi kidogo, cha huo upepo.

Fakhriya

*

Morogoro
4 Mei 1997

Kwa Dada Fakhriya, na umsomee Bimkubwa kwa sauti,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nisameheni ukimya. Barua ya mwezi wa tatu niliisoma nikaikunja nikaiweka mfukoni, nikaenda nayo kazini kila siku, mpaka Emmanueli akaniuliza nimebeba nini ninachokishika shika. Nikamweleza. Akaweka randa chini akasema, "Ridha, mama yako kipofu amekushinda akili ya kiapo, nawe unasimama hapa unapima mbao?"

Nimefunga. Siku zangu tatu nimezimaliza juzi. Kulisha maskini kumi sikuweza, nauli isingebaki. Bimkubwa, kile kiapo hakipo tena. Nilikosea kukuacha na neno kama lile mlangoni. Ningepita tunduni, lakini naona aibu kupita kwa hila, nataka nipite kwa haki.

Nakuja mwisho wa mwezi huu, Inshaallah. Nimenunua bawaba za shaba, nzito, na komeo. Dada, usimwache Msellem agonge hata msumari mmoja. Tutagonga wawili, yeye ashike ubao, mie nyundo. Nimemwandika jina, umeona? Msellem. Mpe salamu zangu shemeji yangu, na mwambie ukuta wake nitaupima na timazi nikifika, asijisahau.

Bimkubwa, ile shibiri yangu iwe wazi. Nakuja kulala hapo.

Mwanao,
Ridha

*

Ole
15 Mei 1997

Ridha,

Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Barua yako imefika jana. Bimkubwa tumemzika tarehe ishirini na sita ya mwezi wa nne, Jumamosi, baada ya Idi ya kuchinja. Ulipokuwa unafunga kafara ya yamini yako alikuwa amekwisha lala chini ya mchanga.

Kikohozi hakikuwa kidogo. Alinikataza nisikuandikie. Alisema, "Aje kwa kunitaka, asije kwa kuniogopea." Nikamtii. Na siku ya tatu baada ya maziko nilikwenda mpaka posta Wete nikupigie simu ya upepo, ile ya maandishi. Nilisimama pale na karatasi ya kujaza, nikarudi. Nikasema moyoni, aliyekataa kuja kwa uhai asiitwe kwa mauti. Sasa nimesoma barua yako, mdogo wangu. Wote wawili tuna vichwa vya baba.

Alifariki baada ya alfajiri, mvua inamwagika. Msellem akatoka kutoa taarifa. Nilikaa na maiti nikaapa moyoni kwamba hatakuja mtu, ni mie na Msellem tutambeba, kama tulivyojenga. Nikaona turubai linasogea. Tatu kaingia, kaloa chapa chapa, hakupiga hodi, pa kupiga hodi pako wapi? Akafunga kanga kiunoni akaniuliza, "Maji ya kumwoshea yako wapi?" Mwaka mzima hatujasemeshana. Baadaye aliniambia angekuta mlango umefungwa angerudi, maana asingekuwa na uso wa kugonga.

Akaja Othman na jembe. Akaja Maalim Nyange, akawaambia waliosimama barabarani kwamba maiti hana chama, wengine wakaingia, wengine walibaki palepale. Walitosha kumbeba.

Kaburi likachimbwa, mwanandani wa kumlaza ukachimbwa ndani yake, na hapakuwa na viunza, mbao za kumfunikia. Vya msikitini vilikuwa vimekwisha kwa maziko ya wiki ile. Msellem alikwenda nyumba mbili zenye mbao, akarudi na maji ya mvua mikononi. Kufika Konde kununua mbao hakuwezekani, barabara ilikatika. Kaburi linaanza kuingia maji, Ridha. Msellem alisimama pale chumbani, akatazama pembeni, akanitazama mie. Alikuwa analia vibaya, mwanamume mzima, na mie nikamwambia, "Chukua."

Akalibeba lile fungu la mlango peke yake begani, hakutaka mtu amsaidie. Othman na msumeno wake tayari, kwa kuwa viunza siku zote hukatwa vikae. Havikukatwa. Vililazwa kimoja kimoja, toka kichwani hata miguuni, sentimita tisini kila kimoja, vikaegemea vizuri mpaka Maalim Nyange akauliza nani aliyevipima. Msellem akajibu, "Mwanawe." Mie sikuwepo, sisi wanawake hatuendi makaburini, lakini alinisimulia usiku huo na hajaweza kunisimulia tena.

Kwa hiyo mlango wako ndio uliomfunika. Hauliwi na mchwa, uliniandikia.

Jana nimemsomea Msellem mahali ulipomwandika jina. Akaomba barua aishike mwenyewe. Hajui kusoma vizuri, unajua, lakini jina lake analijua. Akakaa nalo.

Njoo, Ridha. Njoo na bawaba zako, tutazifanyia kazi nyingine. Pale mbele bado pako wazi na sitatia mlango mpaka ufike. Ile shibiri yako iko, nimeifagia, nimeitandika mkeka.

Ubao mmoja ulibaki, ulizidi. Nimeulaza pale mbele chini, mahali ambapo kizingiti kingekuwa. Ukifika utauruka au utaukanyaga, shauri yako. Mie nitakuwa jikoni.

Dada yako,
Fakhriya